Chagua Mimea Isiyolilia Maji

 

Majuma machache yaliyopita msomaji mmoja, mama wa watoto watatu anayeishi upande wa Syokimau, aliniuliza swali ambalo limekuwa likinizunguka kichwani tangu siku hiyo. Alisema amepanda maua mbele ya nyumba yake mara tatu, na mara zote tatu yamekufa. Mara ya kwanza yalichomwa na jua. Mara ya pili akayanywesha kwa bidii mpaka yakaoza. Mara ya tatu maji ya mfereji yalikatika wiki mbili, na akalazimika kuchagua kati ya maua na nguo za watoto. "Je," akauliza, "kuna watu waliozaliwa na mkono mbaya wa kupanda?"

La hasha, dada yangu. Mkono wako hauna ubaya wowote. Ulichokosea ni uchaguzi, na kosa hilo nami nimelitenda.

Miaka kadhaa iliyopita nilipanda waridi na nyasi laini mbele ya nyumba yetu, nikijivunia jinsi wapita njia walivyosimama kutazama. Kisha ukaja ule ukame mkali ulioanza mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua ikapita bila mvua za kutosha katika sehemu nyingi za nchi. Kufikia 2022 tulikuwa tukinunua maji kwa mtungi kutoka kwa mkokoteni. Jumapili moja jioni ulikuwa umebaki mtungi mmoja tu nyumbani. Nikamimina nusu yake kwenye waridi. Binti yangu alipokuja kufua sare yake ya shule, maji hayakutosha, na Jumatatu akaenda shuleni na kola chafu. Hakuninung'unikia. Alinitazama tu, akatazama na yale maua. Ninakiri kwamba mtazamo ule ulinifundisha zaidi ya vitabu vyote vya bustani nilivyosoma.

Mama mkwe alipokuja kututembelea kutoka Ukambani, alizunguka bustani kimya kimya, kisha akasema, "Mwanangu, wewe hujapanda maua. Umekaribisha wageni wanaokunywa maji kuliko watoto." Safari iliyofuata alikuja na mfuko wa plastiki wenye vipande vya mmea mgumu, mrefu kama upanga, aliouchimba shambani kwake. Mmea ule bado uko hai hadi leo, umezaa na kujaza pembe nzima ya ua.

Leo basi, tuzungumze juu ya mimea ya aina hiyo: ile yenye majani au shina nene linalohifadhi maji, na inayoishi miaka mingi bila kupandwa upya. Mimi hupenda kuiita mimea ya akiba, kwa sababu huweka maji wakati wa neema na kuyatumia wakati wa dhiki.

INAVYOISHI

Mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake mchana ili kuvuta hewa, na maji mengi hupotea kupitia vitundu hivyo jua likiwaka. Mimea mingi ya akiba hufanya kinyume. Mchana hufunga milango, na usiku, hewa ikiwa baridi, huifungua na kuvuta hewa inayohitaji. Huiweka hewa hiyo katika hali ya asidi ndani ya majani, kisha mchana huitumia kwa msaada wa mwanga kutengeneza chakula. Ndiyo sababu mwanzoni mwa karne ya 19 mtaalamu mmoja aliyekuwa India, Benjamin Heyne, aliona kwamba jani la mmea mmoja wa jamii hii lilikuwa chachu asubuhi na kupungua uchachu kufikia mchana. Wewe tafadhali usijaribu kuonja, kwa sababu nitakazozieleza hivi punde.

Jambo la kukumbuka hapa ni kwamba mmea wa akiba hauli haraka wala haunywi haraka. Ukiuharakisha kwa maji na mbolea, utaua rafiki yako kwa ukarimu.

MAANA YA UGUMU

Ukisoma vitabu vya bustani vilivyoandikwa Ulaya utaona mimea fulani ikisifiwa kuwa sugu. Jihadhari. Huko, mmea sugu ni ule unaostahimili theluji. Kwetu jijini Nairobi, ulioko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, theluji haianguki. Adui zetu ni wawili: kiangazi, na mvua ya kufululiza. Mmea unaovumilia miezi minne bila tone la maji unaweza kuoza kwa majuma mawili ya mvua ya Aprili.

Niliyaona haya kwa macho yangu katika masika ya 2024, mvua zile zilizofurisha mito ya Nairobi na kuleta maafa makubwa. Bustani yangu ilikuwa imeshinda ukame, lakini nilipoteza karibu nusu ya vyungu vyangu. Vilivyokufa vilikuwa vile nilivyoviacha wazi, na vile nilivyopanda moja kwa moja kwenye udongo mweusi.

Kwa wale mnaoishi Limuru au Nyandarua, mna adui wa tatu, sakitu. Jani lililojaa maji likigandishwa hupasuka na kugeuka uji. Ninyi wekeni mimea yenu karibu na ukuta, chini ya paa.

ANGALIA UDONGO KWANZA

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, chota udongo wako, uloweshe kidogo, uufinyange. Ukiwa mwekundu na kuvunjika kwa urahisi, kama ule wa Kiambu, Kabete au Karen, una bahati. Maji hupita. Ukiwa mweusi na wa kunata kama ule wa Embakasi, Syokimau, Kitengela na Athi River, fahamu kwamba hufura wakati wa mvua na kushika maji kama sahani, kisha hupasuka nyufa wakati wa kiangazi.

Si lazima uhame. Inua tuta la kimo cha sentimita 30 hivi, ulizungushie mawe, ulijaze mchanganyiko huu: sehemu mbili za udongo mwekundu, sehemu moja ya mchanga wa mto, na sehemu moja ya kokoto ndogo. Kwa vyungu tumia mchanganyiko huo huo. Kopo kuukuu la rangi linatosha, mradi ulitoboe matundu chini. Kopo lisilo na tundu ni kaburi la mmea wa akiba.

UCHAGUE UPI?

Wa kwanza katika orodha yangu ni mshubiri. Watu wengi wakisikia jina hilo hufikiria ule mmoja wa dukani unaopakwa usoni, Aloe vera, ambao asili yake ni Bara Arabu. Lakini nchi yetu ina aina zaidi ya 50 za mishubiri yake yenyewe, na kwa bustani hizo ndizo bora, kwa kuwa zimezoea jua letu na mvua zetu. Aloe secundiflora hukaa chini bila shina, majani yamepangwa kama waridi kubwa, na hutoa maua mekundu ya kupendeza. Aloe lateritia ina majani yenye madoadoa meupe, nayo haihitaji nafasi kubwa. Aloe kedongensis, inayopatikana kwa wingi upande wa Naivasha, hurefuka na kuwa kichaka. Ukiipanda kwa mstari utapata ua ambao mbuzi wa jirani ataufikiria mara mbili. Mishubiri ikichanua, ndege chozi watakuja kunywa asali kila asubuhi, na watoto watapata somo la bayolojia bila kulipa karo.

Wa pili ni ule wa mama mkwe, mkonge mwitu, ambao wauza miche wengi huuita sansevieria. Waingereza huuita "ulimi wa mama mkwe", lakini sijathubutu kumwambia mama jambo hilo. Yeye aliujua tangu utotoni kama mmea wa nyuzi, za kusuka kamba na vyondo. Huvumilia jua kali, huvumilia kivuli, huvumilia hata mwanafunzi anayefunga chumba na kwenda likizo. Kuna aina yenye ukingo wa manjano ambayo watu huipenda sana. Siri yake ni hii: ukikata jani lake na kulipanda, mtoto atazaliwa wa kijani kitupu. Ukitaka manjano iendelee, gawanya kutoka kwenye mzizi. Na anayekuuzia kwa bei ya juu akidai chungu kimoja kitakusafishia hewa ya nyumba, mwulize kwa upole. Utafiti maarufu wa NASA wa 1989 ulifanywa ndani ya visanduku vilivyofungwa, nayo nyumba yako ina madirisha. Yafungue.

Wa tatu ni kalankoe. Ile yenye vishada vya maua mekundu, manjano au ya waridi inayouzwa sana kando ya barabara asili yake ni Madagaska. Hupenda mwanga mwingi bila jua kali la saa nane. Maua yakinyauka, kata vikonyo vyake, nayo itachipua upya. Watu wengi huitupa wakidhani imekufa.

Wa nne ni jedi, mti mdogo wa Afrika Kusini wenye majani mviringo yanayong'aa. Hukua polepole, huishi miaka mingi, na hukubali kukatwa umbo lolote. Kwa anayeishi katika nyumba ya ghorofa yenye roshani ndogo, huu ni mti wa kumrithisha mtoto.

Wa tano, kwa wakazi wa Pwani, Machakos na sehemu nyingine zenye joto, ni waridi la jangwani, lenye shina lililovimba na maua ya waridi. Hupatikana porini katika nyika zetu kavu. Nairobi huteseka mwezi wa Julai, hivyo mpe kona yenye joto na usimpe maji baridi ikizidi.

Vile vidogo maridadi vyenye umbo la waridi kutoka Mexico, ekeveria, ni vizuri pia, lakini viweke chini ya paa. Maji yakituama katikati ya majani yake kwa siku kadhaa, huoza kuanzia moyoni.

MIMEA YA KUOGOPA

Mgala muue na haki umpe. Nimeisifu mimea hii, sasa nitaje na hatari zake.

Mnyaa, ule wenye vijiti vya kijani visivyo na majani, hupandwa sana kuwa ua kwa sababu haufi. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huunguza vibaya na unaweza kumfanya mtu asione kwa muda. Mtoto wa jirani yangu alivunja kijiti akicheza, kisha akajipangusa jicho. Tulimwosha kwa maji safi yanayotiririka kwa robo saa nzima huku akilia, kisha tukamkimbiza hospitali. Alipona, lakini usiku ule hakuna aliyelala katika nyumba zetu mbili. Jamii yote ya mnyaa ina utomvu wa namna hiyo, ikiwemo ile yenye miiba na maua mekundu madogo inayoitwa taji la miiba. Kama una watoto wadogo, usiipande mahali wanapochezea, na ukiikata vaa glavu na miwani.

Waridi la jangwani nalo lina sumu. Wawindaji wa zamani waliutumia utomvu wake kwenye mishale. Na usidhani kila mshubiri ni dawa. Upande wa Taita huota Aloe ballyi, uliopewa jina la Peter Bally, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi katika jumba la makumbusho la Nairobi na aliyewahi kuwa mume wa Joy Adamson. Huo una sumu ya kuua. Hata ule wa dukani, utomvu wake wa manjano ulio chini ya ganda huendesha tumbo vibaya. Panda kwa pambo. Matibabu mwachie daktari.

Kisha kuna mimea ambayo hatari yake ni kuenea. Mpungate uliletwa kwetu uwe pambo na ua. Leo umefunika malisho mengi Laikipia, miiba yake midogo inaumiza midomo na matumbo ya mifugo, na imebidi kuletwa wadudu maalumu wa kuushambulia. Kuna pia kalankoe ya Madagaska inayozaa vitoto vingi kwenye ncha za majani. Kila kitoto kinachoanguka huota, na mmea huo ni sumu kwa ng'ombe. Ukipewa bure, kataa kwa shukrani.

MISHUBIRI YA MKOKOTENI

Sasa nataka nikuambie jambo ambalo sijivunii. Baada ya ukame ule, kijana mmoja alipita mtaani na mkokoteni uliojaa mishubiri mikubwa, mizizi ikining'inia, bei nusu ya ile ya kwenye kitalu. Nikanunua sita. Sikuuliza imetoka wapi, ingawa jibu lilionekana kwenye mizizi ile: ilikuwa imeng'olewa porini. Minne ilikufa ndani ya miezi mitatu, kwa kuwa mizizi ilikuwa imekatika na kuoza.

Mshubiri mkubwa wa porini umechukua miaka mingi kufikia kimo hicho. Huko unakotoka unashikilia udongo usichukuliwe na mvua, na unalisha nyuki na ndege wakati hakuna ua lingine. Serikali iliupiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya porini mwaka wa 1986, na kanuni za mwaka wa 2007 zikaiweka biashara yake chini ya leseni ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Isipokuwa Aloe vera, mishubiri pia imo katika mkataba wa kimataifa wa CITES, hivyo huwezi kumtumia shangazi aliye ng'ambo mche mmoja bila kibali.

Kwa hivyo ukienda kununua, chagua mche mdogo uliooteshwa kitaluni. Utaujua: umekaa imara ndani ya chungu au karatasi yake, mizizi imeshika udongo, majani hayana makovu ya kukokotwa. Mwulize muuzaji mmea mama uko wapi. Mwenye kitalu wa kweli atakuonyesha kwa furaha.

KUPANDA BILA PESA

Wanafunzi wameniuliza, je, asiye na kitu afanyeje? Omba. Mimea hii huzaa vitoto pembeni, na watu wengi hufurahi kuvipunguza. Kata kipande cha jedi au kalankoe chenye urefu wa kidole. Usikipande siku hiyo. Kiweke kivulini siku tatu hadi saba mpaka kidonda kikauke na kufanya ganda. Kisha kichomeke kwenye mchanganyiko wetu mkavu, ungoje juma moja, ndipo unyweshe kidogo. Watu wengi hupoteza vipande vyao kwa kupanda kidonda kibichi kwenye udongo mbichi. Haraka haraka haina baraka.

Baadaye nywesha baada ya siku 10 hadi 14 wakati wa kiangazi. Chomeka kijiti mpaka chini; kikitoka na udongo uliogandamana, ngoja. Wakati wa masika usinyweshe kabisa vilivyo nje, na vilivyo kwenye vyungu visogeze chini ya paa. Ukiona wadudu weupe kama pamba kwenye makwapa ya majani, wapanguse kwa kitambaa chenye maji ya sabuni.

Majani yatakueleza shida yake. Yakikunjamana na kuwa membamba, mmea una kiu, na kiu hutibika. Yakilainika, kuwa manjano na kuona nuru kama karatasi yenye mafuta, umenywesha kupita kiasi. Ng'oa upesi, kata sehemu iliyooza, kausha kilicho kizima, uanze upya.

Basi dada yangu wa Syokimau, jibu langu ni hili. Inua tuta moja mwaka huu, moja tu. Panda mishubiri mitatu kutoka kitaluni, ukiacha nafasi ya mita moja kati yake, na vipande vya mkonge mwitu nyuma yake. Anza mara masika yanapokwisha, mizizi ishike kabla ya kiangazi kikali. Maji yakikatika tena, na yatakatika, fua sare za watoto kwanza bila kuangalia dirishani. Bustani itakungoja.

Binti yangu yuko chuoni sasa. Juzi alinitumia picha ya kopo la rangi kwenye dirisha la chumba chake, ndani yake kuna kijipande cha ule mkonge wa bibi yake. Hakuandika neno lolote chini ya picha, nami sikuhitaji kuelezwa.

Jumapili ijayo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kukinga maji ya mvua kutoka paani. Hadi wakati huo, nakutakia juma lenye heri.